Sakafu Ikikauka

“Hakuna sakafu iliyowahi kunishinda mimi,” Saif alisema, akichovya hamri kwenye mbaazi kwa madaha ya mtu aliyekwisha kuzishinda sakafu nyingi. “Mama, wewe panda juu ukapumzike. Ukishuka, uvae miwani ya jua, maana mng’ao wake utakuumiza macho.”

Ukweli ni kwamba sakafu ya pekee aliyowahi kupambana nayo ilikuwa ya darasani, kidato cha pili, na hata hiyo aliifagia kwa adhabu. Lakini Saif alikuwa na kipaji cha kuzungumzia jambo asilolijua kwa sauti ya mtu aliyelimaliza jana na leo amechoka kulieleza.

Mama yake, Fadhiya, alikuwa amesimama mlangoni pa jiko, leso kiunoni, akiitazama nyumba yake kama mtu aliyerudi kutoka safari akakuta wageni asiowajua wamelala kitandani mwake. Nicanor, fundi wa vigae, alikuwa amemaliza kazi juzi. Jikoni alitia vigae vipya vya kung’aa. Uani alitia vile vya kukwaruza, ili mtu asiteleze na ndoo mkononi. Na ukumbini, penye marumaru ya kale nyeusi na nyeupe iliyotandikwa na babu yake Fadhiya, alizijaza upya nafasi zilizofumuka kati ya mawe kwa grauti, ule uji wa simenti wa kuzibia viungo. Kazi yenyewe nzuri, huwezi kuitia ila. Tatizo ni kwamba uji ule ulimkaukia kabla hajaupangusa sawasawa, na sasa nyumba nzima, tangu jikoni hadi ukumbini, ilikuwa na utando mweupe juu yake, utadhani mtu amepita akipepeta unga.

Fadhiya alikuwa ameshampigia simu. Nicanor alikuwa Makupa kwa kazi nyingine, na nyuma ya sauti yake malori yalikuwa yakigombana kwa honi.

“Ni utando tu, mama. Hauna neno. Jumamosi nitapita niutoe.”

“Jumamosi ya nini, Nicanor? Kesho Ijumaa, ikisha alasiri, wanawake wa mtaa mzima waja hapa kupanga harusi ya Lamis. Wataka wakae juu ya unga?”

“Basi mama, mkiugusa, ile marumaru msi—”

Honi ikammeza. Fadhiya aliitazama simu, akaitia kifuani, akavuta pumzi ndefu ya mama mwenye mtoto mmoja anayeolewa na mwingine anayejisifu.

“Haya,” akamwambia Saif. “Wewe usiyeshindwa. Hizo sakafu tatu.”

Saif aliacha kutafuna. Aliyajua macho yale. Yalikuwa macho ya mapatano.

Kulikuwa na chumba cha chini, chenye mlango wake wa njiani, ambacho marehemu baba yake alikuwa akiwekea magunia. Tangu mwaka jana Saif alikuwa akikiomba afungue duka la kutengeneza simu, na kila akiomba, Fadhiya alimzungusha nyumbani kumwonesha kazi zake. Tangi la maji lililopakwa rangi upande mmoja. Rafu iliyopigiliwa ncha moja, nyingine ikining’inia kwa kamba. Kengele ya mlango aliyoiunganisha mwenyewe, ambayo ililia kila friji ilipofunguliwa, na mgeni akiibonyeza kimya. “Mtu wa nusu nusu hapewi chumba kizima,” Fadhiya alikuwa akimwambia, na ufunguo ukabaki umefungwa kwenye pindo la leso yake.

Sasa alilishika pindo lile.

“Ukizimaliza zote tatu kabla ya wageni, zikawa safi, huu wako. Ukiacha kati, chumba nampa Bi Mwanakuu. Kila siku aniuliza mahali pa kuweka masufuria yake ya kukodisha.”

Bi Mwanakuu alikuwa jirani wa mkabala. Kichochoro kilichotenganisha nyumba zao kilikuwa chembamba hivi kwamba dirisha la ukumbi wao na dirisha lake yeye yangeweza kupeana sahani.

“Mwambie aanze kutafuta kwingine,” Saif akasema.

*

Alianza kwa maji na tambara, maana ndivyo inavyoanzwa. Alilipiga deki jiko zima kwa mbwembwe, akipiga mluzi. Vigae vikameta. Utando hakuna. Saif alisimama mkono kiunoni, akajionea huruma kwa kuwa na akili nyingi katika nyumba isiyozithamini.

“Mama, shuka uone.”

Fadhiya akashuka, mkono ukutani, maana magoti yake hayapendi ngazi. Alipofika chini, sakafu ilikuwa imekauka, na utando ulikuwa umekaa palepale kama hakuna kilichotokea.

“Nione nini?”

Saif alitazama. Akapangusa tena mbele yake. Utando ukaondoka. “Umeona?” Wakasimama wote wawili wakingoja. Upepo wa dirishani ukapita, kigae kikakauka, na ule weupe ukarudi polepole kuanzia pembeni, kama mtu anayechungulia kuona kama wenyewe wameondoka.

“Nimeona,” Fadhiya akasema, akageuka kupanda ngazi zake.

Alipangusa kwa maji baridi. Akapangusa kwa maji ya moto. Akapangusa kwa sabuni ya kufulia, na hapo utando ukapata mwenzake, utando wa sabuni, wakakaa pamoja vizuri tu. Kikiwa kibichi, kigae kilikuwa kioo. Kikikauka, unga. Saif akaanza kuichukia hewa yenyewe. Alifunga dirisha ili sakafu isikauke, akatoka jasho, akalifungua tena.

Lamis, dada yake, alikuwa mezani akihesabu majina ya wageni wa harusi kwenye simu yake, miguu ameiweka juu ya kiti ili asikanyage kazi ya watu.

“Saif, nina wazo,” akasema bila kuinua kichwa. “Mwambie Mama awapokee wageni kukiwa na mafuriko.”

“Endelea kuhesabu mashangazi.”

“Mashangazi wataisha. Huo utando sidhani.” Kisha akamwonea huruma kidogo. “Nenda Bondeni kwa Jamaldin. Kuuza dawa za sakafu ndiyo kazi yake. Wewe wauza maneno tu.”

*

Jamaldin alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi lililojaa hadi mwenyewe alikaa mlangoni, nusu ndani nusu nje. Alikuwa mtu mpole mwenye ubaya mmoja: ukimwuliza swali, naye anakuuliza.

“Utando wa grauti. Naam. Vigae gani?”

“Vigae, Bwana Jamaldin. Vya chini.”

“Najua vya chini. Vya kung’aa? Vya kukwaruza? Jiwe?”

“Vyote hivyo. Kwani utando si utando?”

Jamaldin alimtazama kama daktari aliyeambiwa kuwa mgonjwa ana maumivu, basi. Akamvutia kibao akae, na Saif akajua kuwa hapa hatoki upesi.

“Kile cha kung’aa kina ngozi ngumu. Siki kidogo kwenye maji mengi, wapangusa, wasuuza, wapangusa kwa kitambaa kikavu. Kwisha. Kile cha kukwaruza hunywa. Ukikipa dawa kikiwa kikavu, hukunywea dawa na ule uchafu pamoja. Kwanza ukinyweshe maji, ndipo utie dawa hii hapa, sehemu ndogo ndogo, na brashi laini. Uvae glavu. Ufungue madirisha. Na popote utakapoanza, jaribu kwanza pembeni, pasipoonekana.”

“Nimeelewa.” Saif alikuwa ameshasimama.

“Hujaelewa, kaa. Jiwe sijakwambia. Marumaru usitie siki.”

“Sitii siki.”

“Marumaru yataka sabuni yake, isiyo kali. Imeniisha, yaja Jumamosi.”

Jumamosi tena. Saif alianza kuhisi kuwa siku hiyo imepangwa na watu wasiompenda. “Na bila hiyo sabuni?”

“Maji ya vuguvugu, hiki kitambaa cheupe cha kusugulia, na subira. Sugua, pangusa, ikauke, sugua tena. Huchukua muda lakini yaja.”

“Subira ninayo,” Saif akasema, naye mguu mmoja ulikuwa barabarani.

*

Jiko lilimtii. Siki kidogo, maji mengi, pangusa, suuza, kausha. Alikaa kwenye kizingiti akakitazama kigae kikikauka, macho yamemtoka kama mtu anayetazama penalti, na kigae kikakauka kikabaki vilevile: cheusi cha kiza, kinang’aa, hakina hata alama. Alimwita Fadhiya. Alishuka, akainama, akapitisha kidole.

“Mm,” akasema. Kwa Fadhiya, hiyo ilikuwa hotuba.

Uani mambo yakawa marefu. Vigae vya kukwaruza vilikuwa na vishimo, na katika kila kishimo utando umejenga nyumba. Saif alivinywesha maji kama alivyoambiwa, akatia dawa, akasugua kwa brashi hadi mgongo ukamwuliza amekosa nini. Baada ya muda akaona kuwa Jamaldin ni mtu wa kuchelewesha watu tu. Akaingia jikoni, akatoka na chupa ya dawa ya kutakatisha nguo nyeupe. Alikuwa ameshaifungua kifuniko, kashaiinamisha juu ya ndoo ya dawa ya vigae, Lamis akatokea akampokonya kwa nguvu hata chupa ikamwagikia kanzu ya Saif iliyoanikwa pale.

“Wataka kutuua? Hizo mbili hazichanganywi, Saif. Zikikutana hutoa moshi wa kukaba mapafu. Imeandikwa hapa mgongoni mwa chupa, kwa herufi kubwa, kwa ajili yako.”

“Nilitaka iende mbio.”

“Sote tungekwenda mbio. Na madirisha haya mbona umeyafunga? Fungua. Yote, hadi la ukumbini. Nikirudi nikute wazi.”

Saif aliyafungua yote, moja moja, akiyabamiza ili asikike hadi juu. Kisha akarudi kwenye brashi, kishimo kwa kishimo, akizungumza na vigae kwa maneno ambayo Lamis alijifanya hakuyasikia. Uani ukaisha. Ukakauka. Ukabaki safi.

Ikabaki marumaru.

Alipiga magoti na kitambaa cheupe na maji ya vuguvugu. Alisugua. Akapangusa. Akangoja ikauke, akasugua tena. Alisugua hadi adhana ya alasiri ikatoka misikiti yote kwa zamu, na alipoinua kichwa alikuwa ameng’arisha mahali penye ukubwa wa sinia. Palikuwa pazuri, hapana ubishi. Jiwe jeusi lilikuwa limerudi na weusi wake, mshipa mweupe umepita kati kama umeme. Lakini ukumbi ule ulikuwa wa kutandika masinia kama hayo hadi umtie mtu kichaa. Magoti yalimwaka. Vidole vilikuwa vimekunjamana kama vya mtu aliyezama.

Na alipowaza neno sinia, macho yakamwenda ukutani.

Pale ukutani masinia ya shaba ya bibi yake yalikuwa yamepangwa kwa ukubwa, yanang’aa kama majua ya kuazima. Tangu utotoni, kila Idi ikikaribia, kazi ya kuyasugua ilikuwa yake. Unachukua ukwaju, unauroweka, unatia chumvi, unapaka, unaacha kidogo, unasuuza. Shaba iliyokuwa nyeusi kama sufuria hutoka kama imezaliwa leo. Nyumba gani ya mjini haijui hivyo? Na shaba ni ngumu, si mchezo. Kama ukwaju watoa weusi wa mwaka mzima kwenye shaba, huu unga wa juzi kwenye jiwe utasimama wapi?

Alimkumbuka Jamaldin. Jamaldin alikataza siki. Ukwaju hakuutaja, na mtu mwenye maneno mengi vile, kama ukwaju ungekuwa na neno angeutaja. Pembeni pasipoonekana alipakumbuka pia, lakini kujaribu ni kwa mtu mwenye shaka.

Jikoni hapakuwa na ukwaju. Alikwenda dirishani. Ng’ambo ya kichochoro Bi Mwanakuu alikuwa amekaa dirishani kwake akimenya vitunguu saumu, miwani imemshuka hadi ncha ya pua.

“Shikamoo, Bi Mwanakuu.”

“Marahaba, mwanangu. Waosha au wasali? Tangu adhuhuri nakuona umesujudu.”

“Naosha. Bi Mwanakuu, una ukwaju? Mama apika samaki, ukwaju umemwishia.”

Sijui alimtoka wapi samaki yule. Uongo wa Saif ulikuwa hivyo, ulijipika wenyewe. Bi Mwanakuu akainuka, akarudi na donge zima limefungwa kwenye karatasi, akalipitisha dirisha kwa dirisha.

“Mwambie Fadhiya anionjeshe.”

“Utaonja, Bi Mwanakuu.”

Aliuroweka kwenye beseni, akaukamua, akatia chumvi kama ya kuoshea shaba, akaumimina katikati ya ukumbi na kuupaka kwa mikono miwili, mviringo baada ya mviringo. Ulitoa povu jembamba jembamba likinong’ona. Saif akafurahi. Kitu kikitoa povu ni kwamba kinafanya kazi. Akauacha ukae, akaenda kula.

Aliporudi, akausuuza kwa ndoo mbili za maji, na mbele yake marumaru ikalala imelowa, nyeusi na nyeupe, haina hata chembe ya unga. Jioni ilikuwa inaingia kwa dirisha. Ukumbi ulionekana kama ulivyokuwa katika hadithi za mama yake.

Safari hii alipanda ngazi mwenyewe kumchukua Fadhiya, akamteremsha upesi upesi kwa mkono. Fadhiya alisimama mlangoni. Hakutaka hata kukanyaga.

“Babu yangu,” akasema taratibu, “alikuwa akitukataza kuingia hapa na viatu.” Kisha akalifungua pindo la leso, kwa meno na vidole, akamtia Saif ufunguo kiganjani. “Sikuamini utafika mwisho. Mungu akupe kheri.”

Saif alilala chumba cha chini usiku ule, juu ya gunia tupu, akipanga mahali pa meza na mahali pa taa.

*

Alfajiri alirudi kutoka msikitini kwa mlango wa ukumbini. Sakafu ilikuwa imekauka.

Unga haukuwako. Pahali pake, katikati ya ukumbi, palikuwa na doa kubwa lililofifia, limezungukazunguka kama mawimbi, sura ya mikono yake mwenyewe. Jeusi lilikuwa limekuwa kijivu cha majivu. Alivua kandambili, akakanyaga. Pembeni mguu uliteleza kama juu ya hariri. Katikati pakakwaruza, kama ulimi wa paka. Alichuchumaa, akapangusa kwa mate, kwa kanzu, kwa maji. Likilowa linang’aa. Likikauka, lile. Utando ungeweza kutoka. Hili halikuwa kitu juu ya jiwe hata litoke. Jiwe lenyewe lilikuwa limeliwa na ukwaju.

Saif alikaa chini, kandambili mkononi.

Angeweza kupanda juu akasema. Wazo hilo lilimjia, akalitazama, akaona kuwa lina ngazi nyingi. Badala yake akachukua mafuta ya nazi jikoni, akayapaka juu ya doa. Jeusi likarudi kidogo, pamoja na harufu ya mkate wa mofa na hatari ya mtu kuvunjika kiuno. Akayapangusa yaliyozidi. Kisha akashusha mkeka mkubwa wa ukindu, ule wa wageni wa heshima, akautandika katikati kabisa, akaupiga piga pembe zake kwa mkono kama mtu anayemlaza mtoto.

“Mbona umetandika mapema?” Fadhiya akamwuliza asubuhi, akipita na ungo wa mchele.

“Nakusaidia, Mama.”

Fadhiya alimgusa kichwa alipokuwa akipita. Afadhali angempiga.

*

Baada ya alasiri wanawake wakaingia, mabuibui na manukato, viatu vikajaa mlangoni. Saif alikuwa akipitisha kahawa, kazi ambayo hakuwahi kujitolea maishani, ili awe karibu na mkeka. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Kila akiinama, ulimchoma pajani.

“Fadhiya, hii ndiyo marumaru ya babu?” mmoja akauliza.

“Ndiyo. Fundi ameitengeneza, mwanangu ameiosha.” Fadhiya aliinuka. “Ngojeni niutoe huu mkeka muione yote.”

“Mama, acha, watu wamekaa,” Saif akasema.

“Hapana aliyekaa hapo.”

Akaushika mkeka kwa pembe, akauvuta. Doa lililala pale kijivu, linanuka nazi.

Fadhiya aliliangalia. Akakanyaga kwa mguu mtupu, akautoa, akakanyaga tena. “Hiki nini?”

Macho yote yakamfuata Saif, naye alikuwa na birika mkononi, ufunguo mfukoni, na ulimi mdomoni, na ulimi ndio uliowahi.

“Ni Nicanor, Mama. Alipitisha mashine yake vibaya hapo kati. Mimi nimeliona jana nikiosha. Nikafunika ili usiaibike mbele ya wageni.”

Palikuwa na mguno wa huruma. Mwanamke mmoja akasema kuwa alikuwa amemwita huyo Nicanor amtengenezee bafu wiki ijayo, basi hatamwita tena. Mwingine akaomba jina lake kamili, ili na yeye awaambie watu. Saif alitaka kulirudisha neno lake, lakini lilikuwa limeshaondoka kama basi la mwisho.

Fadhiya alikuwa ameshaitoa simu kifuani na kupiga. Akaiweka kwa sauti wazi.

“Nicanor. Nakuamini na nyumba yangu, wanipitishia mashine kwenye marumaru ya babu yangu?”

“Mashine?” Sauti ya Nicanor ikajaa ukumbi, safari hii bila malori. “Mashine gani, mama? Mimi nilikuja na mwiko na sponji. Kwani nini kimetokea?”

“Waniuliza mimi?”

“Hodi, hodi,” mtu akasema mlangoni. Bi Mwanakuu alikuwa amechelewa, kama kawaida ya mtu anayeishi karibu mno. Akavua viatu, akasalimia kila mtu kwa jina, akaketi, akalinyoosha buibui lake.

“Fadhiya, kabla sijakunywa kahawa yako, nina kesi na wewe. Samaki wa ukwaju jana mumewala peke yenu? Nilingoja hadi nikalala.”

Fadhiya aliishusha simu kidogo. “Samaki gani, Bi Mwanakuu? Jana sisi tumekula kunde.”

“Basi huyu,” Bi Mwanakuu akasema, akimwelekezea Saif kidevu, bila ubaya wowote, kama mtu anayekumbusha jambo la kawaida, “alichukua donge zima kwangu. Alisema wewe wapika. Nami nikasema haya. Kisha, dirisha lilikuwa wazi, namwona amepiga magoti hapo hapo kati, aupaka ukwaju chini kwa mikono miwili, azunguka nao.” Akachungulia doa juu ya miwani yake. “Hapo hapo hasa. Nikasema labda vijana wa siku hizi samaki wampikia sakafuni.”

Hakuna aliyecheka, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Lamis, kona ya chumba, aliufunika uso wake kwa mikono yote miwili.

“Mama?” Nicanor akaita kutoka kwenye simu. “Mama, bado upo?”

“Nipo, Nicanor. Ngoja hapo hapo, usikate. Pana mtu hapa ana neno la kukwambia.” Fadhiya akamnyooshea Saif simu kwa mkono mmoja. Mkono wa pili akaufungua kiganja juu, mtupu, akauacha hewani.

Saif aliweka birika chini. Akatia mkono mfukoni.

“Na ule ukwaju wangu uliobaki,” Bi Mwanakuu akasema, akichukua kikombe, “nirudishie leo. Mimi nina samaki wa kweli.”